Kitambaa cha Imani

Ipo nchi moja, na anayeitafuta kwenye ramani atachoka bure, kwa sababu ramani yake ilitiwa saini ikiwa imekunjwa. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko vyoo, na ina watu wenye imani isiyo na mfano.

Imani hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Ilianzishwa na Baba wa Taifa mwenyewe, siku alipoketi mezani na wageni katikati ya uwanja kuandikiana mkataba juu ya ziwa la nchi. Wageni walimwambia, "Mzee, soma kwanza." Baba wa Taifa akacheka, akatoa kitambaa mfukoni, akajifunga macho, akatamka maneno ambayo watoto huyakariri shuleni mpaka leo: "Anayesoma hapendi." Akatia saini. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Tangu siku ile ziwa halijaonekana tena. Limezungushiwa ukuta, na samaki wake huja madukani ndani ya makopo yenye maandishi ya kigeni. Lakini imani ipo, tena tele, wala haijawahi kupanda bei.

Baada ya ziwa, wakubwa waliona haya kwamba imani kubwa namna ile wanaifaidi peke yao. Wakaunda Wizara ya Ndoa na Utulivu, na wizara ikaamuru kwamba hakuna watakaooana kabla ya kutia saini Mkataba wa Kabla ya Ndoa, na hakuna atakayeutia saini akiwa macho wazi. Kitambaa kitakuwa kilekile cha Baba wa Taifa. Na kwa kuwa ni urithi wa taifa, ni marufuku kukifua.

Hapo pa kukifua, mwenye pua aizibe. Kitambaa kile kilikuwa cheupe siku ya ziwa. Sasa kilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea masufuria ya hotelini. Kilikuwa kimekunywa jasho la mabibi harusi wa nchi nzima, wanja wao, poda yao, machozi yao na makamasi yao, mama na baada yake binti, kikakaukia ndani ya kasha la kioo mpaka kingo zikawa ngumu kama mkia wa papa mkavu. Wizara iliita harufu ile "manukato ya uaminifu." Inzi walikipenda kuliko walivyoipenda bendera.

*

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi Siwema binti Haruni, mwenye kinu cha kukamua mafuta ya ufuta alichorithi kwa mama yake. Kinu kilichongwa kwenye gogo moja nene, kikazungushwa na ngamia mzee aitwaye Subira. Asubuhi Siwema alimfunga Subira macho kwa vifuniko vya ukindu, maana ngamia akijua kuwa kutwa nzima anazunguka palepale hulala chini, na hapo hata umwite kwa jina la babu yake haamki. Jioni alimfungua, akamkuna shingo, akamwomba radhi. Vifuniko alivisugua kwa ndimu kila Ijumaa, mnyama asiwashwe macho.

Kinu hicho ndicho kilichomlisha Siwema, na ndicho kilichomlisha shangazi yake, Bi Mosi, aliyekuwa akiishi naye chumba cha uani. Zamani Bi Mosi alikuwa na nyumba yake mwenyewe, ya mawe, yenye mlango wa nakshi, aliyopewa na baba yake. Siku aliyozikwa mumewe, mawifi walikuja na mkataba, ukasomwa kwa kipaza sauti, na kabla kahawa ya msiba haijapoa Bi Mosi alikuwa barabarani na mkeka wake kwapani. Ilikuwaje? Hakuwahi kueleza. Akiulizwa alisema, "Mambo ya saini, mwanangu," kisha akauliza bei ya dagaa.

Siwema alikuwa amechumbiwa na Mbaruku, mchoraji wa mabango ya maduka, kijana mtanashati mwenye nywele zilizochongwa kwa rula. Alikuwa akija kinuni jioni. Akiyasifu macho ya Siwema kidogo, aliupima mlango kwa shubiri. Akiusifu mwendo wake, aliuliza ngamia wa aina ile huishi miaka mingapi. Siwema alimpenda, na mapenzi, kama mnavyojua, huona shubiri za mlangoni kuwa ni mazoezi ya vidole.

Jioni moja akamwuliza, "Mbaruku, huo mkataba unasemaje?"

"Mkataba upi?"

"Huo tutakaoutia saini."

Mbaruku akajishika kifua kama aliyepigwa jiwe. "Siwema! Leo mkataba, kesho utataka kujua nakwenda wapi."

"Kwani unakwenda wapi?"

"Unaona? Umeshaanza!"

"Mimi nauliza kinu. Nikishaolewa, kinu cha mama yangu kitakuwa cha nani?"

"Kitakuwa chetu."

"Chetu ni cha nani?"

"Wewe mtoto wa kike una maswali kama karani wa mahakama," alisema Mbaruku, akamshika mkono. "Mpenzi, chetu ni chetu." Kisha akaurudia mlango, maana alikuwa amesahau ameishia shubiri ya ngapi.

Siwema akamgeukia shangazi yake. Bi Mosi alikuwa akichagua mawe kwenye ufuta.

"Shangazi, wewe uliutia saini. Kumeandikwa nini mle?"

"Tulifungwa macho, mwanangu."

"Hata ukingoni hukuchungulia?"

"Dagaa leo bei gani?" akauliza Bi Mosi.

*

Basi Siwema akajitanda khanga, akaenda wizarani. Alipelekwa kwa Bwana Ngoda, Mkurugenzi wa Kitambaa, mtu ambaye tumbo lake lilipandishwa cheo kabla yake. Alikuwa anakula muhogo wa kukaanga, na vidole vilikuwa vinang'aa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kuolewa au kulalamika?"

"Nimekuja kusoma."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anachapa kwa mashine aliinuka akafunga dirisha.

"Kusoma nini, bibie?"

"Mkataba. Kabla sijautia saini."

Bwana Ngoda aliutua muhogo kwa huzuni ya baba mwenye mtoto mgonjwa. "Binti yangu, sikiliza. Kabla hujautia saini, mkataba si wako. Kusoma kisicho chako ni wizi. Ukishautia saini, mambo yamekwisha. Kusoma mambo yaliyokwisha ni umbea. Sasa wewe unataka kuwa mwizi au mmbea?"

"Nataka kuelewa."

"Idara ya Kuelewa ilikuwapo. Tumeifunga. Haikuwa na wateja."

"Basi mkataba husomwa lini?"

"Siku ya msiba!" alisema Bwana Ngoda, uso ukamchanua. "Mmoja wenu akifa, au mkiachana, tunawasomea wote, kwa kipaza sauti, bure kabisa. Serikali yenu inawajali."

Kisha, kumwonyesha mgeni hazina ya taifa, alifungua kasha la kioo, akakitoa Kitambaa cha Imani kwa ncha za vidole vya mafuta, akajipangusa nacho jasho la shingo, maana cheo chake kilimruhusu, akakirudisha. Siwema alitoka nje akatema mate mara ya kwanza. Haikuwa ya mwisho.

*

Siku ya Saini ilipofika, ukumbi wa wizara ulifurika. Ndugu wa Mbaruku walikaa mbele, wamevaa sare. Bi Mosi alikaa safu ya pili. Kwaya ya wizara ikasimama na kuimba wimbo unaojulikana nchi nzima, mpaka na vichaa:

*Fumba macho mwanamwali, usisome maandishi,*
*Penzi halitaki swali, swali huzua ubishi,*
*Toa moyo toa mali, nawe kwa raha uishi,*
*Anayesoma hapendi, anayependa hasomi.*

Bwana Ngoda akakohoa, akakamata kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Nanyi mabibi harusi, ambao leo mtakuwa wananchi kupitia waume zenu! Nchi jirani wanasoma mikataba yao. Na matokeo yake tunayaona: wanajua mambo! Nawauliza, wana furaha?"

"Hawana!" ukumbi ukaitikia.

"Sisi hatujui kitu! Tuna furaha?"

"Tunayo!"

Wanaume wawili wakauingiza mkataba kwa machela, kama wanavyobebwa majeruhi, wakauweka mezani na kuufunua ukurasa wa saini. Akaitwa Mbaruku. Akafungwa kitambaa, akainama juu ya karatasi. Siwema alimtazama kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Aliona kichwa cha mchumba wake kikienda polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kikirudi, kikienda tena, na midomo ikichezacheza. Akajisemea, masikini, anaomba dua. Mahali fulani katikati ya ukurasa kichwa kikasimama. Mbaruku akatabasamu mpaka jino la mwisho. Akatia saini kubwa, yenye mkia na kivuli, kama anayechora jina la duka.

Ikawa zamu ya Siwema. Bi Mosi akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti cha saini, akarudi safu ya pili. Kitambaa kilipomkaribia usoni aligeuka akatema mate mara ya pili. Jasho la Bwana Ngoda lilikuwa bado bichi humo, juu yake jasho la Mbaruku, na chini yao mabibi harusi wote wa nchi waliolala tabaka kwa tabaka kama taka damponi.

"Bwana," alisema, "hata ngamia wangu simfungi kitu kichafu namna hii."

Watu wakacheka. Bwana Ngoda alicheka pia, huku akikaza fundo kisogoni. "Utazoea, bibie. Wote huzoea."

Siwema akafumbua macho, akingoja giza.

Hakukuwa na giza. Kitambaa kilikuwa kimelika. Chumvi ya machozi ya miaka yote ilikuwa imeitafuna pamba nyuzi kwa nyuzi, na kwa kuwa hakikufuliwa hakikushonwa wala hakikubadilishwa, mpaka kikabaki kama chujio la tui. Aliona mezani. Aliona masalio ya muhogo kwenye meno ya Bwana Ngoda. Aliona ukurasa, na herufi zake zilikuwa kubwa, nyeusi, nzuri, kama zilizoandikwa na mtu asiyeogopa kusomwa.

Alisoma kimya. Kifungu cha kwanza: *Kila alicho nacho mume kabla ya ndoa ni chake.* Cha pili: *Kila alicho nacho mke kabla ya ndoa kitahesabiwa kuwa alikuwa akimtunzia mume, hata kama walikuwa hawajajuana.* Cha tatu: *Wakiachana, mke ataondoka na nguo aliyovaa. Ikiwa nguo hiyo ilinunuliwa na mume, mke atasubiri giza liingie.*

Hapo kwenye kifungu cha pili wino ulikuwa umefifia kidogo, kama mahali ambapo vidole vingi vimepita. Ndipo alipoelewa ile dua ya Mbaruku, na lile tabasamu, na shubiri zote za mlangoni.

Lakini hilo silo lililomkata maini. Lililomkata maini ni hesabu nyingine. Kitambaa hakikulika leo. Akainua uso, akautazama ukumbi kupitia matundu yale: wake za mawaziri, walimu, mawifi, wauza vitumbua, wote waliowahi kukaa kwenye kiti kile. Akamwona shangazi yake. Macho yao yakakutana. Bi Mosi akainamisha kichwa, akaanza kunyoosha pindo la khanga lililokuwa limenyooka.

Siwema akavuta kipaza sauti. "Kila alicho nacho mume kabla ya ndoa ni chake," akasoma.

Mtu angetarajia ukumbi ushtuke. Haukushtuka. Alipoanza kifungu cha pili akaona jambo lililomchukiza kuliko harufu ya kitambaa: midomo ya wanawake, safu kwa safu, ilikuwa ikichezacheza bila sauti, na ilikuwa imeshamtangulia. Alipofika "akimtunzia mume," wao walikuwa "hawajajuana." Walikuwa wanaujua kwa moyo.

"Zima kitu hicho!" alipiga kelele Bwana Ngoda. "Anaona! Huyu mwanamke anaona!"

*

Akashitakiwa kwa kosa la kuona hadharani. Mahakama ilijaa. Hakimu alikuwa mzee mwenye sauti nzito na miwani ambayo, kwa heshima ya serikali, aliivaa kwenye paji la uso.

"Bwana Ngoda," akaanza, "maneno aliyoyasema mshitakiwa yamo mkatabani?"

"Siwezi kujua, Mheshimiwa. Sijausoma."

"Nani ameusoma?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Ni sheria."

"Nani aliutunga?"

"Wataalamu. Nao walifungwa macho."

Hakimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaamuru aitwe shahidi aliyewahi kufungwa kitambaa hicho. Akasimama Bi Mosi.

"Mama, ulipofungwa urithi wa taifa, uliona nini?"

Bi Mosi alimtazama hakimu, akamtazama Bwana Ngoda, akaitazama sakafu. Mahali pa kumtazama Siwema hakupafika.

"Giza, Mheshimiwa. Giza tupu."

"Shangazi!" alisema Siwema.

"Giza," akarudia Bi Mosi, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayelipa.

Hakimu akasimama kutoa hukumu, na hukumu hiyo sasa hufundishwa vyuoni. "Mahakama imepima. Raia wote wa nchi hii wakifungwa kitambaa huona giza. Mshitakiwa peke yake ameona herufi. Haiwezekani raia wote wakawa na makosa, maana hao ndio waliotuchagua. Basi wenye makosa ni macho ya mshitakiwa. Tangu leo Siwema binti Haruni atahesabiwa kuwa kipofu mbele ya sheria. Kipofu hafungwi kitambaa, kwa kuwa hana macho ya kufumba. Asiyefungwa kitambaa hatii saini. Asiyetia saini haolewi, hauzi, hanunui, wala mali yake haihamishwi, mpaka siku atakapopona na kuona giza kama wenzake."

Ukumbi ukapiga makofi. Mbaruku akaruka kutoka kitini, mishipa ya shingo imemtoka. Akasema neno lake la kwanza tangu kesi ianze.

"Na kinu, Mheshimiwa?"

Hakimu alikuwa ameshatoa hukumu, na katika nchi ile hukumu ikishatoka hairudi, hata mwenye kuitoa akiiona imemwangukia mguuni. Akang'aka, akashusha miwani, akaipandisha.

"Kinu cha kipofu," alisema kwa uchungu, "ni cha kipofu."

*

Jioni ile, Subira akiwa bado anazunguka, Siwema hakuwasha taa. Bi Mosi alikuja akasimama mlangoni mwa kinu.

"Niliona," alisema. "Nikwambie ukweli. Niliona mpaka nukta."

"Uliiona nyumba yako inakwenda, ukatia saini?"

"Nilikuwa nimeshapakwa hina. Wageni wameshakula pilau. Mtu ukishapakwa hina, mwanangu, unaanzaje kuona?"

"Na mimi? Ukanipeleka kwa mikono yako, ukanikalisha kwenye kiti kile?"

"Nilidhani utanyamaza kama sisi. Mama yako alinyamaza. Kinu kilimrudia kwa kuwa baba yako alikuwa mtu mwema, si kwa kuwa karatasi ilikuwa njema. Nikasema, pengine na wewe utapata mwema."

Siwema alitaka kutema mate, lakini mdomo ulikuwa mkavu. Akamwendea Subira, akamvua vifuniko vya macho katikati ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ngamia akatazama chini. Akaiona ile duara aliyoikanyaga maisha yake yote, imechimbika kama mtaro. Akaitazama muda mrefu. Kisha akapiga magoti, akalala, akaanza kutafuna kwa amani.

Siwema hakumlaumu. Akafungua kamba, akaushika mti wa kinu yeye mwenyewe, akausukuma. Ulikuwa mzito. Alipokwenda nusu ya duara ukawa mwepesi ghafla, na alipogeuka alimwona Bi Mosi upande wa pili, khanga ameifunga kiunoni, anasukuma. Mafuta yakaanza kutiririka.

Wizara nayo haikulala. Ilitangaza kwamba Kitambaa cha Imani kimechoka kwa kulitumikia taifa, na kwamba kitatengenezwa kipya, kizito kama blanketi, na wageni walewale wa ziwa. Bwana Ngoda aliutia saini mkataba wake akiwa amejifunga kile cha zamani. Wanasema alisoma vizuri sana mahali palipoandikwa fungu lake. Na foleni ya wasichana wanaoomba kupimwa upofu imezunguka jengo la mahakama. Hakimu amewaambia warudi wakiwa hawaoni.

Juma lililofuata Mbaruku alikuja kinuni, nywele zimechongwa upya, amebeba kitu kipana kilichofungwa magazeti.

"Siwema, nimekusamehe," alisema.

Siwema akaendelea kusukuma.

"Tutakata rufaa. Nitawaambia umepona. Siwema! Niangalie basi."

"Mimi kipofu, bwana. Muulize hakimu."

Mbaruku alisimama akihema. Akakiegemeza kile kitu ukutani kwa hasira, akaondoka, na magazeti yakapasuka. Lilikuwa bango, tena la kazi nzuri, limekauka zamani. Bi Mosi akaacha kusukuma. Akalisogelea, akafuta vumbi kwa kiganja, na mbele ya wateja wawili waliokuja kununua mafuta akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, bila kitambaa:

"Mbaruku na Wanawe. Mafuta Safi. Tangu..." Akaukaribia mwaka, akaukazia macho. Ulikuwa mwaka Mbaruku alipomposa Siwema.

Akalibeba kichwani mpaka uani, ambako mfuniko wa choo ulikuwa umeoza tangu masika. Bango lilienea sawasawa. Rangi yake ni ya hali ya juu. Mpaka leo haijachubuka.